Tala'al Badru: Kasida ya Kumpokea Aliyetoka Safarini

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Wabaad.

Kabla sijaingia kwenye mada, nikuulize swali dogo. Ni kasida gani uliyoijua mwanzo maishani mwako? Nadhani ukiwauliza watoto wa madrasa, kutoka Lamu mpaka Busia, wengi watakutajia hiyo hiyo moja: Tala'al Badru. Tuliisoma kabla ya kujua maana yake. Wengine tuliisoma hata kabla ya kumaliza alifu na bee. Maalim akiwa amechoka, akiona watoto wameanza kusinzia, alikuwa anapiga meza kwa kiganja, sisi tunaitika, na usingizi wote unaisha.

Leo nataka tuiangalie kasida hii kwa jicho la historia. Ilisemwa lini? Nani aliisimulia? Na je, tukikuta kwamba historia yake si kama tulivyofundishwa, tuiache? Swali hili kwangu mimi si la darasani tu. Nitakueleza kwa nini.

MWEZI WA SINDO

Mimi ni kijana wa Sindo, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Kwa asiyepajua, ukitoka Mbita ukifuata njia ya kusini utafika kwetu, milima ya Gwassi iko mbele na ziwa liko kulia kwako. Waislamu sisi si wengi. Msikiti ni mdogo, na madrasa yetu ilikuwa ya mabati. Mvua ikinyesha hata sauti ya maalim haisikiki.

Kazi ya wengi kwetu ni samaki: mbuta, ngege, na zaidi ya yote omena. Sasa omena ana tabia yake, ndugu msomaji. Huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huenda na taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, wanaziweka juu ya maji, wadudu wanakuja kwenye mwanga, omena wanafuata, kisha wavu unavutwa. Usiku kama huo ukisimama ufuoni utadhani kuna mji mzima katikati ya ziwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu mambo hayaendi. Ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina maana tena, omena hawakusanyiki. Basi siku zile za katikati ya mwezi wavuvi hukaa nyumbani, wanashona nyavu, wanapumzika.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa omena. Sasa umeshaelewa. Kwa watoto wengine mwezi mkubwa ni wa kuchezea nje. Kwangu mimi na ndugu zangu, mwezi mkubwa maana yake ilikuwa baba yuko nyumbani. Ramadhan ilikuwa hivyo hivyo. Mwanzo wa mwezi alifuturu juu ya maji, kwa tende na uji wa chupa. Ikifika kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, anafuturu na sisi kwenye mkeka, kisha ananishika mkono tunakwenda tarawehe. Njiani ananiambia, "Haya, soma ile ya madrasa." Nami naanza Tala'al Badru, na yeye anaitikia kwa sauti yake nzito iliyokuwa haifuati lahani hata kidogo.

Maalim alipotufundisha kwamba badru ni mwezi uliojaa, sikushangaa. Nilidhani kasida imetungwa na mtoto wa mvuvi.

Nikiwa darasa la tano, usiku mmoja wa giza, upepo uliwakuta ziwani na mashua yao ikapinduka. Wawili waliokolewa. Baba alipatikana siku ya tatu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sitaandika mengi juu ya hilo. Nitasema tu kwamba miaka miwili baada ya hapo, madrasa wakianza kasida ile mimi nilikuwa nafungua mdomo bila kutoa sauti, na maalim, Mungu amjaze kheri, alijifanya haoni.

SWALI LA CHUO KIKUU

Nilipofika chuo kikuu, jioni moja baada ya darsa ya wanafunzi Waislamu, tulikuwa tunapanga mambo ya maulidi na mashindano ya watoto. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye elimu na adabu, akasema: "Hii Tala'al Badru msiwafundishe watoto kuwa iliimbwa siku ya Hijra. Haikuthubutu. Isnadi yake ni dhaifu." Mwingine akaruka: "Yaani unataka kutuambia Waislamu wote duniani wamekosea?" Kelele zikaanza. Unajua vijana tulivyo.

Mimi nilinyamaza, lakini ndani niliumia. Nilihisi kama mtu ameingia nyumbani kwetu akabeba kitu cha baba. Usiku ule sikulala vizuri. Kulipokucha nikajiambia: wewe si umesoma madrasa? Si uliambiwa ukiletewa habari uichunguze? Basi chunguza. Nikaenda maktaba, nikawauliza masheikh wawili watatu, na haya ndiyo niliyoyapata.

KASIDA YENYEWE INATAJA MAHALI

Tuanze na maneno yake. Kasida hii ni fupi. Inamfananisha Mtume (S.A.W.) na mwezi mpevu unaochomoza, inataja wajibu wa kushukuru, inamkaribisha aliyetumwa. Na ndani yake limo jina la mahali: Thaniyyatul Wadaa. Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote, kwa hiyo tulia kidogo.

Thaniyya ni njia inayopita kilimani, na wadaa ni kuagana. Palikuwa ni mahali pembezoni mwa Madina ambapo watu walimsindikiza msafiri, wakaagana naye, wao wakarudi na yeye akaendelea. Kila mji una mahali kama hapo. Kwetu Sindo ni ufuoni pale mashua zinaposukumwa jioni. Mombasa huenda ikawa ni stendi ya mabasi. Lakini utaona ajabu moja: mahali pa kuagana ndipo hapo hapo pa kupokelea. Aliyeondoka kwa njia hiyo, akijaaliwa kurudi, atatokea hapo.

Sasa swali la wanahistoria ni hili. Thaniyyatul Wadaa ilikuwa upande gani wa Madina?

SIKU YA HIJRA

Makka iko kusini mwa Madina. Mtume (S.A.W.) alipohama pamoja na Abubakar (R.A.), katika Rabiul-Awwal, mwaka 622, alifikia kwanza Quba, ambako pia ni upande wa kusini. Akakaa siku kadhaa, ukajengwa msikiti wa Quba, kisha akaingia mjini, na ngamia wake akapiga magoti mahali ulipo Msikiti wa Mtume hivi leo. Akawa mgeni wa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.).

Je, watu walifurahi siku ile? Hilo halina shaka yoyote, na halihitaji isnadi dhaifu. Katika Sahihi ya Bukhari, al-Baraa bin Azib (R.A.) anasimulia kwamba hajapata kuwaona watu wa Madina wakifurahia kitu kama walivyofurahia kuja kwa Mtume, hata vijakazi walikuwa wakiambizana kwamba amefika. Anas bin Malik (R.A.) naye amesimulia kwamba siku aliyoingia Madina kila kitu kilipata nuru. Na katika Ibn Majah imo habari ya mabinti wa Bani Najjar waliokuwa wakipiga dufu na kuimba furaha yao ya kuwa jirani na Mtume, naye akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu anajua kuwa anawapenda.

Kwa hiyo furaha ipo, watoto wapo, hata dufu lipo. Lakini Tala'al Badru yenyewe haimo katika Bukhari wala Muslim.

NANI ALISIMULIA?

Habari ya kwamba iliimbwa Mtume alipoingia Madina aliipokea Imam al-Bayhaqi, aliyefariki mwaka 1066, katika kitabu chake cha dalili za Utume. Njia yake inaishia kwa mtu mmoja aitwaye Ibn Aisha. Usichanganye: huyu si mtoto wa Bibi Aisha (R.A.). Ni Ubaydullah bin Muhammad, mwanachuoni aliyefariki mwaka 228 Hijria. Hebu piga hesabu mwenyewe. Tukio ni mwaka wa kwanza wa Hijria, na msimulizi amekufa mwaka wa 228. Katikati hapo wanatakiwa wawepo watu watatu au zaidi waliopokeana habari, na hakutajwa hata mmoja. Wataalamu wa hadithi huiita habari ya namna hii muudhal, yaani isnadi iliyokatika kwa watu wawili au zaidi wanaofuatana. Ibn Hajar al-Asqalani, bingwa wa fani hii aliyefariki mwaka 1449, aliitaja na akaonyesha udhaifu wake.

Elewa vizuri hapa, ndugu msomaji. Dhaifu haina maana ya uongo. Maana yake ni kwamba hatuna ushahidi wa kutosha wa kusimama mbele ya watu na kusema kwa yakini: siku ile, mahali pale, maneno haya. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilijua mwenzetu wa jioni ile alikuwa na haki.

Lakini sikuishia hapo, na namshukuru Mungu sikuishia.

NJIA YA KASKAZINI

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika kitabu chake mashuhuri Zad al-Maad, aliliangalia jambo hili kwa jiografia. Akasema waliosema kuwa ni siku ya kutoka Makka wamekosea, kwa sababu Thaniyyatul Wadaa iko upande wa Sham, yaani kaskazini. Atokaye Makka haipiti. Anayeipita ni anayekwenda Sham au anayerudi kutoka huko. Kwa hiyo, akasema, kasida hii ilikuwa ni ya siku Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka Tabuk.

Wapo wanavyuoni waliojaribu kupatanisha, wakasema huenda siku ya Hijra alizunguka mitaa ya Ansari akatokea upande ule, au huenda palikuwa na zaidi ya sehemu moja yenye jina hilo. Mjadala haujafungwa. Lakini hebu tuutazame huo msafara wa Tabuk, kwa sababu mimi uliponifikia ulinitetemesha.

Ilikuwa Rajab, mwaka wa 9 Hijria, yaani mwaka 630. Habari zilifika kwamba Warumi wanajikusanya kaskazini. Joto kali, matunda yameiva, kila mtu anataka kivuli na shamba lake. Mtume (S.A.W.) akatangaza safari ya karibu kilomita 700 kwenda tu. Riwaya zinataja watu 30,000. Chakula kidogo, wanyama wa kupanda wachache, watu wakipokezana ngamia mmoja. Ndiyo maana jeshi lile likaitwa jeshi la dhiki. Madina walibaki akina mama, wazee na watoto, na wengine ambao habari zao nitazigusa baadaye.

Walipofika Tabuk hapakuwa na vita. Wakakaa siku kadhaa, wakarudi. Na unajua walirudi mwezi gani? Vitabu vya sira vinasema: Ramadhan.

Na hapa Bukhari ametuhifadhia kitu kidogo ambacho nakipenda kuliko chochote katika utafiti huu wangu. Ni maneno ya Saib bin Yazid (R.A.). Anasema anakumbuka alivyotoka pamoja na watoto wenzake kwenda Thaniyyatul Wadaa kumpokea Mtume aliporudi kutoka vita vya Tabuk. Saib huyu huyu ndiye aliyesema kwamba alihijishwa pamoja na Mtume akiwa na umri wa miaka saba. Hija ile ilikuwa mwaka wa 10. Basi siku ya kurudi jeshi alikuwa na miaka sita hivi.

Miaka sita! Mtoto wa madrasa kabisa. Akawa mtu mzima, akawa mzee, akaishi muda mrefu baada ya Mtume kufariki, na bado anasema: nakumbuka. Hakusema waliimba nini. Hakusema kama waliimba. Lakini mahali anapataja kwa jina, na watoto anawataja, na anayepokelewa anamtaja. Hii ni isnadi sahihi isiyo na doa: watoto walitoka kwenda mahali pa kuagana kumpokea aliyerudi.

Mimi nilikaa pale maktaba nikafuta macho. Nikamwona mtoto wa miaka sita yuko juu ya jiwe, anatazama njia ya kaskazini kama mimi nilivyokuwa nikitazama ziwa alfajiri, nahesabu mashua.

ALIYEKUWA POET WA MTUME HAKUIMBA

Samahani kwa neno hilo la kiswanglish, tumelizoea chuoni, nasema mshairi. Usidhani siku ile ilikuwa ya furaha kwa kila mtu. Kaab bin Malik (R.A.) alikuwa mmoja wa washairi wa Mtume, pamoja na Hassan bin Thabit na Abdullah bin Rawaha. Yeye alibaki nyuma Tabuk bila udhuru. Kila siku alisema nitajiandaa, nitawafikia, mpaka jeshi likawa mbali. Kisa chake kirefu kimo katika Bukhari na Muslim, na anakisimulia mwenyewe.

Aliposikia Mtume anarudi, majonzi yalimshika. Akaanza kufikiria uongo wa kusema. Na yeye alikuwa hodari wa maneno, angeweza. Wanafiki walikuja, wakatoa visingizio, wakaapa, wakapokelewa kwa dhahiri yao. Kaab akasimama mbele ya Mtume akasema kweli: sikuwa na udhuru. Akasuswa yeye na wenzake wawili. Nyusiku hamsini hakuna wa kumsemesha, mpaka zikateremka aya za Suratut Tawba za kukubaliwa toba yao. Na Kaab mwenyewe anasema kwamba Mwenyezi Mungu alimwokoa kwa ukweli, na akaahidi kusema kweli maisha yake yote yaliyobaki.

Kwa nini nimeleta kisa hiki katika makala ya kasida? Kwa sababu siku ni ile ile. Wakati Saib mdogo anakimbilia kilimani, Kaab yuko mjini moyo umembana. Kurudi kwa mtu mmoja kunabeba maana tofauti kwa kila anayesubiri. Na pia kwa sababu mshairi mkubwa alituachia funzo: mapenzi kwa Mtume (S.A.W.) hayajengwi kwa maneno mazuri yasiyo ya kweli. Kama Kaab alikataa kujipendekeza kwa uongo hata kuhusu nafsi yake, mimi ni nani niseme kwa yakini jambo ambalo sina yakini nalo, eti kwa sababu naipenda kasida?

IMETUFIKIAJE SISI?

Kasida na maulidi huku kwetu zina historia ndefu. Pwani zilikuwa ni njia ya kusomesha. Lamu, Habib Swaleh Jamalilleyl na msikiti wa Riyadha walieneza maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, yakisomwa kwa matari, na wanafunzi wakaja kutoka mbali, wakarudi makwao na walichokibeba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walishafika Mumias kwa Nabongo. Reli ikafika Kisumu mwaka 1901, watu na vitabu vikaja kwa treni. Kendu Bay ikawa na Waislamu wake. Ndiyo maana mtoto wa Kijaluo au Kisuba leo anasoma kasida ya Kiarabu kwa lahani ya pwani, na omena unaanikwa nje.

Baadaye zikaja filamu na kaseti. Filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, The Message, ilionyesha watu wa Madina wakiimba Mtume anapofika kutoka Makka. Nadhani picha iliyo vichwani mwetu wengi imetoka humo kuliko kitabuni. Mwaka 1995 Yusuf Islam akaitia katika albamu yake The Life of the Last Prophet, watoto wa Ulaya na Marekani wakaijua.

Na nikupe mfano wa zama zetu hizi. Desemba 2015 kwaya ya wanafunzi wa shule moja ya Ottawa, Kanada, wengi wao si Waislamu, waliiimba katika tamasha lao. Wakati huo Kanada ilikuwa inapokea wakimbizi wa Syria. Video ikaenea dunia nzima, na watu wakaandika: tazameni watoto wa Kanada wakiwapokea wakimbizi kwa Tala'al Badru! Kumbe lilikuwa tamasha la shule. Umeona? Hapa kuna kamera, tarehe na mashahidi walio hai, na bado ndani ya siku chache kasida imehamishwa kutoka ilikoimbwa ikapelekwa watu walikotamani iwe imeimbwa. Kama hilo limetokea mbele ya macho yetu, tusishangae likitokea katika karne mbili zisizo na kamera. Watu hawakukusudia uongo. Kasida ya kupokea, ukiipata, unaipeleka kwa yule unayeona anastahiki kupokelewa.

NILIVYOMWELEZA DANI

Ramadhan iliyopita nilikwenda nyumbani. Nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita Dani, ndiye mama yake baba. Kiarabu hajui, Kiswahili chake kina Dholuo ndani, lakini Tala'al Badru anaijua yote, na anaitamka kwa namna yake. Ilikuwa usiku wa kumi na nne. Tumefuturu, tumekaa nje, na mwezi umetoka juu ya milima, ziwa jeupe, hakuna taa hata moja majini.

Nikamweleza habari yote. Nikamwambia, "Dani, ile kasida, wanavyuoni wengine wanasema si ya siku ya kuhama. Huenda ni ya siku waliporudi kutoka safari ya mbali."

Akaniuliza, "Walikwenda mbali kiasi gani?"

"Karibu kama kwenda Mombasa, kwa mguu na ngamia."

"Na wake zao walikuwa wamebaki?"

"Walibaki, na watoto."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini huo si ndio wimbo wenyewe? Wa kumpokea mtu aliyekuwa safarini. Mimi siku zote nilijua ni huo."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda maktaba, nikasoma Ibn Hajar na Ibn al-Qayyim, nikarudi nikamkuta mwanamke asiyejua kusoma amekaa pale pale ilipo maana. Yeye hakuihitaji tarehe ili aipende. Lakini mimi, ndugu msomaji, tarehe ilinisaidia. Zamani nilipoisoma nilimkumbuka baba aliyeondoka asirudi. Sasa nikiisoma namkumbuka pia Saib, mtoto aliyesubiri mahali pa kuagana na aliyemsubiri akafika. Na ninakumbuka kwamba hata yule mpokelewa mtukufu, haikufika miaka miwili baada ya Ramadhan ile, naye aliiaga dunia, na Anas (R.A.) huyo huyo akasimulia kwamba siku ya kufa kwake kila kitu cha Madina kilikuwa giza. Kila nyumba ina mwezi wake unaochomoza na usiku wake wa giza. Sisi sote ni wasafiri, na tunaomba pale tunapokwenda tukute wa kutupokea.

TUFANYE NINI?

Kwa hiyo, vijana wenzangu, na nyinyi wazazi mnaosoma na watoto wenu, nasihi yangu ni fupi.

Kwanza, tusiwafundishe watoto kwa yakini jambo lisilo na yakini. Tuwaambie: kasida hii imepokewa kuwa iliimbwa Mtume (S.A.W.) alipoingia Madina, lakini isnadi yake imekatika, na wapo wanavyuoni wakubwa waliosema ni siku ya kurudi Tabuk. Mtoto hatapungukiwa na kitu. Atajua Hijra, atajua Tabuk, na atajua isnadi ni nini, darasa tatu kwa kasida moja.

Pili, wewe uliyesoma ukajua udhaifu wake, usiitupe usoni mwa watu kama jiwe. Hujui aliyekaa mbele yako anamkumbuka nani akiisoma. Yule mwenzetu wa chuoni nilikwenda kumshukuru baadaye. Nikamweleza habari ya baba. Akanikumbatia, akasema laiti angejua angeanza kwa maneno mengine. Nikamwambia hapana, usingeanza nisingesoma.

Tatu, waulize wazee wako kasida au nyimbo wanazozipenda, na uwaulize kwa nini. Usingoje. Mimi baba sikuwahi kumuuliza kwa nini kila tukienda tarawehe alitaka ile tu na si nyingine. Nilidhani nina wakati.

Mwaka huu, katika masiku meupe ya Ramadhan, mwezi utakapojaa, toka nje kidogo baada ya tarawehe na watoto, uwaonyeshe. Waambie hii ndiyo badru. Na kama una mtu wako aliyetangulia mbele ya haki, mwombee dua hapo hapo. Mimi nitakuwa namwombea wangu, na kama hutojali, mtie na yeye katika dua yako, pamoja na wavuvi wote ambao ziwa na bahari viliwachukua. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Muislamu anayekufa kwa kuzama ana daraja ya shahidi, na hilo ndilo tunaloshikamana nalo nyumbani kwetu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga na visimamo vyetu, awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe nao chini ya bendera ya Mtume wake (S.A.W.), pasipo na kuagana tena. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.